Rais Anaweza Kulivunja Bunge? Maswali Yanayorudi Kila Mara Mabarazani Mombasa

Kila Bunge likiwaudhi watu, swali ni lile lile: kwani Rais hawezi kulivunja tu tukapumzika? Tumeulizwa kwenye foleni ya feri Likoni, tumeulizwa Kongowea sokoni, na katika mabaraza ya kahawa ya Mji wa Kale tunaulizwa na wazee wale wale waliotuuliza mwaka jana.

Mengi ya maswali haya yanatokana na barua moja, aliyoiandika Jaji Mkuu wa wakati ule, David Maraga, tarehe 21 Septemba 2020 kumshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kutotunga sheria ya kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia (swali la 5). Barua ile ilizua kesi ambayo hadi leo watu huisimulia nusu nusu. Tumeyapanga majibu kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayowakwaruza hata mawakili. Jambo likishaelezwa mahali, hatulirudii. Tunakuelekeza kwa nambari ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Je, Rais wa Kenya ana uwezo wa kulivunja Bunge?

Kwa hiari yake, hana. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inasema muhula wa kila Bunge huisha siku ya uchaguzi mkuu unaofuata (Kifungu cha 102), na uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Rais akikasirikiwa na wabunge, au akikasirika nao, hiyo ni shauri yake na yao.

Umeachwa mlango mmoja, nao ni Kifungu cha 261(7). Bunge likishindwa kutunga sheria ambayo Katiba iliipa muda maalumu, kisha Mahakama Kuu ikaliamuru na bado likashindwa, Jaji Mkuu atamshauri Rais alivunje, na Rais atalivunja. Hakuna mahali palipoandikwa “akipenda”. Kwa hivyo sisi hukiita wajibu wa Rais, si mamlaka yake. Anayelianza jambo si yeye, na kwa maandishi hana nafasi ya kulikataa. Kwa vitendo ilikuwa hadithi nyingine. Tazama swali la 10 na la 14.

2. Lakini mimi nakumbuka marais wakilivunja. Nimesahau?

Hukusahau, mzee wangu. Katiba ya zamani, kifungu cha 59, ilimruhusu Rais kulivunja Bunge wakati wowote. Mwaka 1983 Wakenya walipelekwa kwenye uchaguzi mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Rais Moi alikuwa akiiita tarehe ya uchaguzi silaha yake ya siri, na ilikuwa siri kweli: wapinzani walijiandaa gizani, naye akawasha taa siku aliyoitaka.

Walioandika Katiba ya 2010 waliikusudia silaha ile hasa. Waliipokonya, wakaitia tarehe ndani ya Katiba yenyewe.

3. Mbona Rais Ruto alivunja Baraza la Mawaziri Julai 2024? Si ni kitu kimoja?

La. Mawaziri ni wateule wa Rais, na Katiba inamruhusu kuwafuta kazi. Tarehe 11 Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, aliwafuta wote isipokuwa Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi. Wabunge hawakuajiriwa na Rais. Waliajiriwa na wewe pale Tononoka, Mtongwe au Mikindani, kwa hivyo hawezi kuwatoa kwa hotuba ya jioni. Neno “kuvunja” ndilo linalotuchanganya.

4. Nimeona kwenye televisheni Rais wa Tanzania akihutubia Bunge la kuvunjwa. Kwa nini jirani anaweza?

Kwa sababu katiba yao ni nyingine. Kule Rais huenda Dodoma kabla ya uchaguzi akalihutubia Bunge kwa mara ya mwisho, na hilo ni jambo la kawaida. Aidha Kifungu cha 90 cha katiba yao kinampa sababu kadhaa za kulivunja kabla ya wakati, mfano Bunge likiikataa bajeti ya serikali. Na chini ya Kifungu cha 97, Rais akikataa kusaini mswada kisha wabunge wakaurudisha kwa kura za thuluthi mbili, inambidi asaini au alivunje Bunge. Huku kwetu mswada ukirudi na thuluthi mbili, Rais husaini tu, na akichelewa unakuwa sheria bila sahihi yake.

## Kanuni ya thuluthi mbili na safari yake mahakamani

5. Kosa la Bunge lilikuwa lipi hasa?

Katiba inasema, katika Kifungu cha 27(8) na cha 81(b), kwamba chombo chochote cha kuchaguliwa kisiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Haikusema wanawake, ilisema jinsia. Kila mtu anajua upande upi unapungua. Kifungu cha 100 kikalitaka Bunge litunge sheria ya kuinua uwakilishi wa wanawake, watu wenye ulemavu, vijana na jamii zilizosahaulika, na Jedwali la Tano likaipa sheria hiyo miaka 5. Muda ukaisha 27 Agosti 2015. Bunge la Taifa likajiongezea mwaka mmoja, jambo linaloruhusiwa mara moja tu kwa kila sheria. Nao ukapita.

6. Wanawake wanapungua wangapi?

Bunge la Taifa lina wabunge 349 bila kumhesabu Spika: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Thuluthi moja ya 349 ni 116 na kitu, basi inabidi wawe 117. Mwaka 2013 maeneobunge yaliwachagua wanawake 16 tu. Mwaka 2017 wakawa 23. Ukijumlisha wale 47 na walioteuliwa walifika 76. Walipungua 41. Seneti hali ni nafuu kwa sababu ina viti 16 vya wanawake walioteuliwa na vyama, ingawa mwaka 2013 hakuna hata seneta mmoja mwanamke aliyechaguliwa kwa kura nchi nzima.

Hapa kwetu, kati ya maeneobunge 6 ya Mombasa (Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita), ni Likoni iliyompa kiti mwanamke, Mishi Mboko, mwaka 2017 na tena 2022. Alikuwa ametoka kwenye kiti cha mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Wanaosema kiti kile ni cha bure wamfikirie yeye.

7. Mbona bunge la kaunti limeweza, na lile la Nairobi limeshindwa?

Swali zuri kuliko yote, na linaulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Kwa mabunge ya kaunti, Katiba iliandika dawa pamoja na ugonjwa. Kifungu cha 177 kinasema baada ya kura za wadi kuhesabiwa, viti vya ziada vitaongezwa mpaka jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Mombasa ina wadi 30. Zikiwaleta wanaume watupu, vyama vitapewa viti vya kuteua wanawake mpaka hesabu ikae sawa. Hakuna haja ya kupelekana mahakamani.

Kwa Bunge la Taifa dawa hiyo haikuandikwa. Kiliandikwa lengo, kisha wabunge wakaachiwa wenyewe watafute njia ya kulifikia. Kwa maoni yetu hapo ndipo palipoharibika, kabla hata ya Maraga kushika kalamu. Unamwambia mtu aliyekalia kiti atunge sheria itakayompunguzia nafasi ya kukikalia, halafu unashangaa akidi haitimii.

8. Kesi zilianza lini?

Zilianza mapema. Mwaka 2012 Mwanasheria Mkuu aliiomba Mahakama ya Juu ushauri: kanuni hii ianze uchaguzi wa 2013 au isubiri? Tarehe 11 Desemba 2012 majaji walio wengi walisema itimizwe hatua kwa hatua, lakini sheria iwe tayari kufikia 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu wa wakati ule, Willy Mutunga, alitofautiana na wenzake; yeye aliona ianze papo hapo.

Tarehe ilipopita, mashirika ya kutetea haki za wanawake yakaenda Mahakama Kuu. Tarehe 29 Machi 2017 Jaji John Mativo aliamua kwamba Bunge limekiuka Katiba, akalipa siku 60. Akaongeza kwamba siku hizo zikipita bure, Mkenya yeyote anaweza kumwandikia Jaji Mkuu amshauri Rais alivunje. Siku 60 zikapita, uchaguzi wa Agosti 2017 ukaja, Bunge jipya likaapishwa. Spika alikata rufaa, na tarehe 5 Aprili 2019 Mahakama ya Rufaa ikamkatalia.

Angalia mpangilio huo vizuri: amri ilitolewa kwa Bunge la 11, na adhabu ikaja kulikuta Bunge la 12. Mabishano ya swali la 11 yanatoka hapo.

9. Kwani wabunge hawakujaribu kabisa?

Walijaribu, tukilitumia neno hilo kwa ukarimu. Miswada ya kubadilisha Katiba ilifikishwa mbele ya Bunge la Taifa mwaka 2016, na mwingine ukapigiwa kura Februari 2019. Kubadilisha Katiba kunahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani kura 233 kati ya 349. Kila mara kura hazikutimia. Na si kwamba waliopinga walikuwa wengi. Tatizo lilikuwa viti vitupu. Mbunge alikuwa akionekana asubuhi, kengele ya kura ikilia hayupo. Kutokuwepo ni njia ya kupinga isiyoacha alama ya vidole.

BBI, ule mpango mwingine wa kubadilisha Katiba, nayo ilikuwa na pendekezo lake la jinsia ndani ya mambo mengine mengi, lakini Mahakama ya Juu iliusimamisha mchakato ule tarehe 31 Machi 2022.

## Barua ya Maraga na mvutano uliofuata

10. Maraga aliamka tu akaandika? Na nani aliizuia barua yake?

Aliletewa maombi 6, moja likiwa la Chama cha Mawakili wa Kenya, LSK. Alisema Kifungu cha 261(7) hakimwachii hiari: amri ipo, muda umekwisha, sheria haipo, basi lazima ashauri. Alistaafu Januari 2021, kwa hivyo wapo waliosema alikuwa akiaga kwa kishindo. Huenda. Lakini kifungu hakiulizi mwandishi amebakiza miezi mingapi kazini.

Tarehe 24 Septemba 2020, siku 3 baada ya barua, Wakenya wawili walikwenda Mahakama Kuu Nairobi, na Jaji Weldon Korir akatoa agizo la kuusimamisha ushauri ule mpaka kesi isikizwe. Kesi ikaonekana ni nzito, ikapangiwa jopo la majaji 5. Kisheria anayeteua jopo kama hilo ni Jaji Mkuu, ambaye hapo ndiye aliyeshtakiwa. Ukiyasimulia haya barazani watu hudhani unatia chumvi.

Rais Kenyatta hakulivunja Bunge. Bunge la 12 lilimaliza muhula wake, na Wakenya wakapiga kura kwa tarehe ya kawaida, 9 Agosti 2022.

11. Waliopinga walikuwa na hoja, au walikuwa wakitetea mishahara?

Mishahara ilikuwepo, lakini hoja pia zilikuwepo, na baadhi yake si nyepesi.

Ya kwanza ni ile ya swali la 8: Bunge la 12 halikuwa limepewa amri lenyewe. Mtoto atafungwaje kwa deni la kaka yake? Ya pili, na sisi tunaiona ndiyo kali zaidi, ni kwamba Jedwali la Tano linataja sheria ya Kifungu cha 100. Halitaji Kifungu cha 27(8) wala cha 81(b). Aliyekwenda kwa herufi za jedwali angeweza kusema sheria inayodaiwa kwa adhabu ya kuvunjwa ni ile ya “kuinua” uwakilishi, si ile ya kufikia hesabu ya thuluthi.

Kisha kuna hili: kufikia 117 kwa uhakika kunahitaji kubadilisha Katiba, na mahakama haiwezi kumlazimisha mbunge apige kura upande fulani. Kutunga sheria ya kawaida ni kura za walio wengi waliopo. Kubadilisha Katiba ni 233. Je, Bunge “limeshindwa kutunga” ikiwa lilipiga kura na kura hazikutosha? Wengine waliongeza kwamba Kifungu cha 261 kimo katika sura ya mambo ya mpito, sura iliyokusudiwa kuvusha nchi kutoka Katiba ya zamani hadi mpya.

12. Na waliomuunga mkono Maraga walijibu nini?

Walijibu kwamba Bunge ni taasisi isiyokufa. Wabunge hubadilika, deni hubaki. Ikiwa kila uchaguzi unafuta amri za mahakama, basi hakuna Bunge litakalowahi kutimiza amri yoyote. Litasubiri tu Agosti. Hapa mfano wa kaka na deni unageuka: Bunge si kaka, Bunge ni duka, na duka likibadilisha mwenyewe mwenye kulidai hapotezi pesa zake.

Pia walisema Kifungu cha 261(7) kiliandikwa kwa kujua kabisa kuwa wabunge watakataa kujipunguzia. Adhabu ni kali kwa makusudi. Kuilainisha kwa sababu ni kali ni kuifuta.

13. Mahakama Kuu inawezaje kumzuia Jaji Mkuu? Si yeye ndiye mkubwa wao?

Barua si hukumu. Jaji Mkuu akiketi na wenzake katika Mahakama ya Juu na kuamua kesi, uamuzi huo unaifunga Mahakama Kuu. Lakini alipoandika ushauri alikuwa akitimiza kazi aliyopewa na Katiba akiwa mwenye cheo, sawa na mwenye cheo mwingine yeyote. Na Kifungu cha 165 kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuangalia kama jambo lolote lililofanywa kwa jina la Katiba linalingana na Katiba hiyo. Wafanyabiashara wa bandari wanalijua hili: ndiyo njia iliyotumika hapa Mombasa katika kesi ya swali la 20.

14. Kusingekuwa na agizo la mahakama, na Rais akakataa tu, angefanywa nini?

Katiba haikutaja adhabu ya moja kwa moja. Ingebaki njia ya kumwondoa Rais kwa kukiuka Katiba, chini ya Kifungu cha 145. Sasa soma kifungu hicho polepole: hoja huletwa na wabunge, hupitishwa na thuluthi mbili ya wabunge, kisha huamuliwa na Seneti. Yaani wangemshtaki Rais kwa kosa la kutowafukuza wao. Tulipolieleza hili katika kikao kimoja Majengo, mama mmoja alicheka hadi akamwaga chai.

## Bunge lingevunjwa kweli, ingekuwaje?

15. Uchaguzi ungefanyika lini?

Kifungu cha 261 hakisemi. Mawakili walipekua wakaangukia Kifungu cha 101, kinachotaka uchaguzi mdogo ndani ya siku 90 kiti cha mbunge kikiwa wazi. Lakini utaratibu huo huanza kwa Spika kuiarifu tume ya uchaguzi, IEBC, kwamba kiti kiko wazi, na uliandikwa kwa kiti kimoja kimoja, si kwa Bunge lote. Hapa walioandika Katiba walitoa hukumu ya kunyonga bila kusema nani atazika. Tunawaheshimu, ila hili waliliacha nje mvua ikanyesha.

16. Gavana, MCA na Rais mwenyewe wangeenda nyumbani pia?

Hapana. Kifungu kinasema Bunge, na Bunge kwa Kifungu cha 93 ni Bunge la Taifa na Seneti basi. Seneti ingeondoka pia, hata kama haikuwa mkosaji mkubwa katika hesabu. Rais, naibu wake, magavana na wawakilishi wa wadi wangebaki.

17. Basari za watoto na pesa za kaunti zingesimama?

Basari ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, haitoki mfukoni mwa mbunge, ingawa jina lake ndilo linaloandikwa kwenye ukuta wa darasa. Hugawanywa na kamati ya eneobunge na meneja wa mfuko, kwa pesa zilizokwisha kupitishwa. Pesa zilizomo zingeendelea kutoka.

Tatizo lingekuwa bajeti inayofuata. Sheria za kugawa mapato kati ya serikali kuu na kaunti hupitia Bunge la Taifa na Seneti. Mombasa tulikuwa tumetoka kuionja shida hiyo: mwaka 2020 maseneta walivutana kwa wiki nyingi juu ya mfumo wa kugawa pesa, Mombasa ikiwa miongoni mwa kaunti zilizohofia kupunguziwa. Walikubaliana tarehe 17 Septemba, siku 4 tu kabla ya barua ya Maraga. Waliokuwa wakidai mishahara yao kaunti walikuwa wameanza kupumua.

18. Wabunge waliofukuzwa wangeruhusiwa kugombea tena?

Ndiyo. Hakuna katika Kifungu cha 261 panapowazuia.

19. Na Bunge jipya lingetakiwa kuitunga sheria hiyo mara moja?

Hapa ndipo wengi hushtuka. Kifungu cha 261(8) kinasema Bunge jipya litaitunga sheria ndani ya muda ule ule wa Jedwali la Tano, ukihesabiwa upya tangu muhula wake unapoanza. Kwa Kifungu cha 100 muda huo ni miaka 5. Kwa maneno mengine, unalivunja Bunge kwa kuchelewa, halafu Bunge jipya, lenye wabunge ambao huenda ni wale wale (swali la 18), linapata miaka mingine 5. Likishindwa, safari inaanza upya.

Watu hutuuliza kama hii inamaanisha Maraga alipoteza muda. Hatuoni hivyo. Barua ile ilifanya nchi nzima isome kifungu ambacho hata wabunge wengi walikuwa hawajakisoma. Lakini anayedhani kulivunja Bunge kungewapa wanawake viti 41 siku ya pili yake hajafika 261(8).

## Hali ya sasa na maswali ya pembeni

20. Sisi wa Mombasa tunaweza kufungua kesi kama hiyo hapa, au lazima Nairobi?

Mnaweza. Mahakama Kuu ni moja nchi nzima, na Mombasa ina majaji wake, hapo hapo mjini karibu na Treasury Square. Kifungu cha 258 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani Katiba inapokiukwa, na Kifungu cha 261(5) kinarudia “mtu yeyote” kwa sheria zilizocheleweshwa. Kesi ya kutetea haki za Sura ya Nne hailipiwi ada ya kufungua, kwa mujibu wa Kifungu cha 22. Wakili atadai chake, hilo ni jambo jingine.

Mahakama ya Mombasa imeshaamua makubwa. Julai 2012 iliondoa marufuku dhidi ya kundi la Mombasa Republican Council, MRC. Novemba 2020, wakati kesi ya Bunge inaendelea Nairobi, jopo la majaji 5 hapa lilisema agizo la kulazimisha mizigo ya bandari isafirishwe kwa reli ya SGR lilikiuka Katiba.

21. Kuna nchi ambayo Rais alilivunja Bunge kweli, na mahakama ikalirudisha?

Sri Lanka. Novemba 2018 Rais Maithripala Sirisena alilivunja Bunge, ilhali katiba yao ilikuwa inamkataza kabla ya miaka minne na nusu kupita, wabunge wasipomwomba wenyewe. Tarehe 13 Desemba 2018 majaji wote 7 wa jopo la Mahakama ya Juu walisema amekosea. Kule Rais alilivunja bila ruhusa. Kwetu Rais aliambiwa alivunje na hakulivunja. Wakati mwingine tunawaambia watu walinganishe hizo mbili kabla ya kulilia Rais apewe rungu hilo.

22. Simtaki mbunge wangu tu, si Bunge zima. Nifanyeje?

Huna haja ya 261. Kifungu cha 104 kinawapa wapiga kura haki ya kumwita mbunge nyumbani kabla ya muhula kuisha. Sheria ya Uchaguzi iliweka masharti mazito, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ilifuta baadhi yake kwa kuwa yaliifanya haki hiyo isitumike. Mpaka sasa hakuna mbunge aliyewahi kutolewa kwa njia hii.

23. Je, leo kuna wanawake wa kutosha Bungeni, na jambo hili limekwisha?

Halijakwisha. Mwaka 2022 wanawake waliochaguliwa moja kwa moja katika maeneobunge walikaribia 30, idadi kubwa kuliko ya awali, lakini 117 bado ni mbali. Desemba 2022 Rais Ruto aliwaandikia maspika wa mabunge yote mawili akipendekeza Katiba ibadilishwe ili kanuni itimie. Kifungu cha 261(7) bado kimeandikwa pale pale kilipokuwa, neno kwa neno, na ombi jipya kwa Jaji Mkuu linahitaji karatasi moja na sahihi. Kura 233 ndizo ambazo hazijapatikana.